Uso wa Nyumba za Mfululizo ni Mali ya Mtaa

Kila msimu wa ufuta au wa korosho unapofungwa na wakulima wakalipwa jasho lao, sauti ya nyundo husikika katika vituo vya biashara vya Nachingwea na Ruangwa. Nyasi huteremshwa, bati hupandishwa. Tofali la kuchoma huchukua mahali pa mti na udongo. Mnero nako ni vivyo hivyo. Penye misheni na hospitali hapakosi wageni, na penye wageni hapakosi maduka, migahawa na vyumba vya kupangisha vinavyojipanga bega kwa bega kandokando ya barabara. Hayo ni maendeleo, nasi tunayafurahia pamoja na wananchi.

Hata hivyo, tunalo neno la kusema juu ya nyumba hizo zinazopakana ukuta kwa ukuta, ambazo hapa tutaziita nyumba za mfululizo. Mtu mwenye nyumba iliyosimama peke yake katika kiwanja chake akikosea hujikosea mwenyewe. Mwenye chumba kimoja katika safu ya vyumba sita akikosea hukosea kwa niaba ya watu sita. Maji ya paa lake humwagikia msingi wa jirani. Kuta zake zikishika moto, moto hauulizi mpaka. Akiliziba baraza lake, njia ya kivuli iliyokuwa ya watu wote hukatika hapo. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, wakatutaka tuingie ndani kabla ya kuhukumu. Hatuupingi usemi huo, ila twaona kwamba katika nyumba za mfululizo mlango, baraza na paa vina hukumu yao pia, kwa sababu hivyo ndivyo anavyoishi navyo mpita njia na jirani.

Tulikotoka

Nyumba za mfululizo si jambo la jana katika pwani yetu na bara yake. Lindi na Mikindani, maduka ya zamani yalijengwa kwa safu, mbele duka na nyuma makazi, yakiwa na veranda iliyomwezesha mnunuzi kutembea toka mlango mmoja hadi mwingine bila kupigwa na jua. Nachingwea nao ni mji uliokua kwa ghafla. Mpango wa karanga wa serikali ya kikoloni ulioanza mwaka 1947 uliifanya kuwa mojawapo ya vituo vyake vitatu vikuu, pamoja na Kongwa na Urambo. Reli ikajengwa kutoka pwani, watumishi wakajengewa nyumba, na wafanyabiashara wakafuata. Mpango huo ulivunjika mwaka 1951 baada ya kuigharimu hazina ya Uingereza takriban pauni milioni 36, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikang'olewa. Karanga zilishindwa, lakini mji ulibaki.

Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962. Mwaka 1971 ikapitishwa sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, nayo yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, hadi mwaka 1990 ofisi hiyo ilipounganishwa na Shirika la Nyumba. Katika miaka hiyohiyo ya 1970 vijiji vilihimizwa kujenga nyumba bora, na Benki ya Nyumba ikatoa mikopo, hadi ilipofungwa mwaka 1995. Tunayakumbusha hayo si kwa kutonesha vidonda, bali kwa kuwa yana fundisho moja. Pale ambapo mwenye nyumba yuko mbali na mpangaji hana uhakika wa kesho yake, uso wa nyumba hukosa mwenyewe. Rangi hubabuka, bomba la maji ya mvua huanguka, na kila mmoja humtazama mwenziwe. Hali hiyo haikuisha pamoja na ofisi ya Msajili. Leo hii tunaiona katika vyumba vya watu binafsi, ambavyo mwenyewe anaishi Dar es Salaam na hodi yake husikika mwisho wa mwezi tu.

Maji kwanza, rangi baadaye

Mtu akitaka kuipendezesha nyumba, wazo lake la kwanza aghalabu huwa rangi. Twamshauri aanze na maji. Katika wilaya zetu mvua hunyesha kwa msimu mmoja, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu kikafuata. Hebu tupige hesabu. Chumba cha safu chenye paa la meta 5 kwa meta 10 kina meta za mraba 50. Kila milimita moja ya mvua juu ya paa hilo ni lita 50. Mvua moja kubwa ya milimita 40 humwaga lita 2,000. Na safu ya vyumba sita humwaga lita 12,000 kwa siku moja. Maji yote hayo yakianguka kwenye mstari mmoja mbele ya baraza, huchimba mfereji, hurusha tope jekundu ukutani hadi usawa wa goti, na polepole huuacha msingi wazi. Ufa unaoonekana dirishani mwaka wa tatu, mara nyingi chanzo chake ni tone lililodondokea mguuni pa ukuta mwaka wa kwanza.

Dawa yake haina siri. Gata iwekwe kwa safu nzima, si kwa kila mtu kipande chake, na iteremke kiasi cha sentimita 1 kwa kila meta kuelekea kwenye tangi. Mguuni pa ukuta pawekwe zege lenye upana wa sentimita 60 au zaidi, lililoinamia nje kwa sentimita 2 au 3 katika kila meta, na mbele yake mtaro unaopeleka maji mahali panapojulikana, wala si uani kwa jirani. Maji ya mvua za kwanza yaachwe yapite, kwa kuwa yameosha vumbi na kinyesi cha ndege. Yatakayofuata ni akiba ya kiangazi. Mama anayebeba ndoo kichwani mwezi wa Septemba anajua thamani ya lita 2,000 kuliko sisi tunaoziandika.

Tunaongeza neno moja kuhusu kalenda. Fedha za korosho huja wakati mawingu yameanza kukusanyika. Fedha za ufuta huja wakati kiangazi kimeshika. Mwenye kutaka kugusa paa na afanye hivyo kwa fedha za ufuta. Anayefumua bati mwezi wa Desemba anacheza kamari na mbingu.

Jua, upenu na mti

Adui wa pili ni jua, ambalo safari yake inajulikana. Nachingwea iko kusini ya ikweta kwa nyuzi 10 na zaidi kidogo. Kwa hiyo jua la adhuhuri hutupita juu ya utosi karibu na tarehe 20 Oktoba na tena karibu na tarehe 22 Februari. Kati ya Oktoba na Februari huegemea kusini. Miezi minane iliyobaki huegemea kaskazini. Katika mwezi wa Juni, jua la adhuhuri likiwa upande wa kaskazini, upenu wa sentimita 90 huutilia kivuli ukuta kwa kiasi cha meta 1.3 kutoka juu, yaani hulifunika dirisha karibu lote. Upenu wa sentimita 30, ambao mafundi wengi huuacha siku hizi ili kubana bati, hutoa kivuli cha sentimita 45 tu. Bati lililookolewa hapo hulipwa kwa joto la kila siku, na ukuta nao hulowa kila mvua inapokuja na upepo.

Wazee wetu walilijua jambo hili. Nyumba ya miti na udongo ya Wamwera na ya majirani zao ilikuwa na paa la nyasi lililoshuka chini na kutokeza nje, likaulinda ukuta wa udongo usioweza kujilinda. Tumeliacha paa la nyasi kwa sababu za haki: moto, mchwa na kazi ya kuezeka upya. Hapakuwa na sababu ya kuuacha na upenu.

Ukuta unaotazama mashariki au magharibi una shida nyingine. Hapo jua huja likiwa chini, na upenu hauwezi kulizuia. Panahitajika veranda yenye kina, au ukuta wa matofali ya matundu, au mti. Twauona mti kuwa ni bora kuliko vyote kwa bei yake. Mnero Miembeni haikupewa jina lake bure. Mwembe ni mti mkubwa, usipandwe karibu na msingi. Mwarobaini au mkungu uliopandwa meta tano au sita mbele ya safu utawafunika wanunuzi na wauzaji kabla mtoto aliyezaliwa leo hajamaliza shule ya msingi. Safu yenye miti mitatu mbele yake haihitaji pambo jingine.

Chokaa na saruji

Sasa tuje kwenye ukuta wenyewe. Imani iliyoenea ni kwamba saruji ni nguvu, na kwamba kadiri lipu inavyokuwa ngumu ndivyo nyumba inavyodumu. Si hivyo kila mahali. Nyumba zetu nyingi za tofali za kuchoma zimejengwa kwa udongo katikati ya tofali, na nyingine ni za tofali mbichi. Kuta za namna hiyo hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa kwa kupumua. Zikivikwa lipu ya saruji tupu, unyevu hukosa pa kutokea, hukusanyika nyuma ya lipu, na baada ya misimu michache lipu hububujika na kuanguka kwa mabamba, ikiondoka na uso wa tofali.

Unguja imejifunza somo hili kwa majengo makubwa kuliko yetu. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na wahifadhi wake wamekuwa wakionya kwa miaka mingi dhidi ya kuzikarabati kwa saruji. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake siku ya Krismasi ya mwaka 2020 na watu wakapoteza maisha. Jengo lililocheleweshewa matengenezo halingoji ratiba ya mtu. Na katika mkoa wetu huuhuu wa Lindi, misikiti na majumba ya Kilwa Kisiwani, yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, yanashuhudia kwamba chokaa iliyochomwa vizuri huhesabu umri wake kwa karne.

Kwa nyumba za kawaida, fundi anaweza kuchanganya ndoo moja ya saruji, moja ya chokaa na sita za mchanga uliochekechwa. Lipu ya namna hiyo hushika, lakini haiubani ukuta. Juu yake, chokaa iliyolowekwa vyema na kutiwa chumvi kidogo, ikapakwa mara tatu, nyembamba nyembamba, juu ya ukuta uliorashiwa maji, hutoa weupe unaorudisha mwanga na joto, na hugharimu kidogo kuliko rangi ya kopo. Mwenye kuloweka chokaa na ajilinde macho, maana huchoma. Anayejenga upya naye aulizie matofali ya kufungamana yaliyohimizwa na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Ujenzi, ulioanzishwa mwaka 2001. Hutengenezwa kwa udongo na saruji kidogo, hayachomwi kwa kuni, na misitu yetu ya Lindi ingeyashukuru.

Kuhusu rangi twasema hivi. Siku hizi kampuni za simu na za vinywaji hupaka maduka bure, kwa sharti la kuandika majina yao toka chini hadi juu. Mwenye duka huona amepata. Lakini safu yenye chumba chekundu, cha buluu na cha manjano, kila kimoja kikipiga kelele kumshinda jirani, haiwi mtaa tena bali ubao wa matangazo ambao watu wanalala ndani yake. Wenye vyumba wakikubaliana rangi moja ya ukuta, wakaachiana uhuru wa rangi za milango, kila mmoja atatambulika na safu itapendeza. Jina la duka lina mahali pake juu ya mlango.

Baraza si la kuzibwa

Tumefika kwenye jambo linalotuuma zaidi. Baraza la nyumba za mfululizo linatoweka. Mmoja huzungushia grili ili kuongeza stoo, wa pili hujenga ukuta ili kupata chumba cha kupangisha, wa tatu huinua sakafu yake kwa ngazi tatu ili maji ya wenziwe yasimfikie. Kila mmoja ana sababu yake, na sababu zote ni za kweli: wizi upo, kodi inahitajika, maji yanaingia. Lakini jumla ya sababu hizo ni hasara ya wote. Bibi aliyetoka kijijini kumtazama mgonjwa wake hospitalini, aliyezoea kujikinga mvua chini ya baraza, sasa husimama barabarani pamoja na pikipiki. Muuza vitumbua hufukuzwa. Mazungumzo ya jioni, ambamo misiba hutangazwa na ugomvi husuluhishwa, hukosa kiti.

Si haki kumwambia mwenye duka aache kujilinda. Ulinzi upo wa namna nyingine: milango imara ya mbao au chuma kwenye mstari wa ukuta wa ndani, taa moja ya pamoja kila baada ya vyumba viwili, na mlinzi mmoja anayelipwa na safu nzima. Aliye na haja ya stoo ajenge uani. Baraza lenye kina cha meta 1.8 liachwe wazi toka mwanzo hadi mwisho, kwa usawa mmoja wa sakafu, likiwa na mteremko mdogo mahali pamoja kwa ajili ya kigari cha mlemavu, na kibao cha saruji cha kukalia kando ya nguzo. Gharama yake, wakichanga sita, haimwelemei mmoja.

Ukuta wa pamoja

Liko jambo lisiloonekana kwa nje lakini linaamua kama safu itakuwapo kesho. Katika vyumba vingi vya kupangisha, ukuta wa kati huishia usawa wa lenta, na juu yake dari au kenchi hupita wazi chini ya bati moja. Jirani husikia kikohozi cha jirani. Mwizi hupita juu. Na moto ukianza kwenye jiko la wa kwanza humfikia wa mwisho kabla ndoo ya kwanza haijajazwa. London iliungua mwaka 1666 kwa sababu nyumba zake zilibanana na zilikuwa za mbao. Sheria zilizofuata ziliamuru matofali, na ile ya mwaka 1707 ikataka kuta za kati zipandishwe hadi kupita paa. Hatuhitaji kungoja somo hilo kwa gharama hiyo. Matofali mia chache kwa kila ukuta, yakipandishwa hadi kugusa bati na kuzibwa vizuri, ni kinga ya safu nzima. Ukarabati wa paa ndio wakati wa kuifanya kazi hiyo, maana bati likisharudi hakuna atakayelifumua tena.

Nani alipe?

Hapa ndipo mipango mingi mizuri hufia. Mpangaji husema nyumba si yake. Mwenye nyumba husema kodi ni ndogo. Na ikitokea mpangaji mwenye moyo akapaka chokaa na kuweka gata, mara nyingi malipo yake ni kupandishiwa kodi kwa kuwa nyumba imekuwa nzuri. Huo ni uonevu, nasi tunauita kwa jina lake. Mapatano yaandikwe kabla ya kazi: kilichotumika kikatwe katika kodi, na kodi isipande kwa muda unaotajwa. Karatasi moja yenye saini mbili na shahidi mmoja inatosha.

Kwa vyumba vyenye wamiliki mbalimbali, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 imekwisha kukubali kwamba jengo moja laweza kuwa na wenyewe wengi wenye wajibu wa pamoja juu ya paa, kuta na njia. Si lazima kila safu ya vijijini ifuate taratibu zote za sheria hiyo ya mijini, lakini hekima yake yafaa kuigwa. Kila safu iwe na daftari moja, mfuko mmoja mdogo, na mtu mmoja wa kukagua gata kila Oktoba.

Kwa halmashauri za Nachingwea na Ruangwa tunatoa ombi. Kibali cha ujenzi wa nyumba za mfululizo kisitolewe bila mchoro unaoonyesha mambo matatu: maji ya paa yanakwenda wapi, ukuta wa kati unafika wapi, na baraza linaunganaje na la jirani. Afisa wa ujenzi anaweza kuyakagua hayo kwa macho yake na kamba ya kupimia. Na mafundi wetu, ambao mikono yao ndiyo iliyoujenga mkoa huu, wasiishie kutimiza amri ya mwenye fedha. Wamwambie ukweli wakati msingi ungali wazi.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba za mfululizo, ufa ni wa mmoja lakini ukuta utajengwa na wote. Miezi ya kiangazi ipo. Tunawaomba wenye vyumba na wapangaji wao wakae barazani, maadamu baraza lingalipo, wakubaliane juu ya gata moja na mtaro mmoja kabla mvua za Novemba hazijaanza. Rangi itafuata.